Kocha abaki au aondoke: kutafuta ugonjwa wa timu kabla ya kumtimua mwalimu

Timu ikifungwa Jumamosi pale uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, hukumu hutoka kabla mashabiki hawajavuka barabara. Mwalimu hana mbinu. Mwalimu kachoka. Mwalimu anapanga watoto wa wakubwa. Ikifika Jumapili jioni viongozi nao wamejifungia kwenye chumba cha nyuma cha hoteli fulani, soda mezani, ajenda moja tu.

Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo miaka kadhaa, Arusha kwanza, baadaye Moshi, kama mjumbe wa kamati ya ufundi. Tulipatia mara chache. Tulipokosea, kosa lilikuwa lilelile: tuliingia kikaoni tukiwa na jina la mtu mfukoni, dalili tukazitafuta baadaye. Fundi wa gereji kule Unga Limited akiletewa gari lisilowaka hafungui injini kwanza, anaangalia kama tenki lina mafuta. Na sisi twende hivyo hivyo. Kila dalili hapa chini ina visababishi vyake, na kwa kila kisababishi jiulize swali hili: akija mwalimu mwingine kesho asubuhi, hiki kitabadilika?

Kabla hujaanza

Kusanya habari za mechi kumi za mwisho. Mpinzani nani, nyumbani au ugenini, nani walikosekana, magoli yaliingia dakika ya ngapi na kwa njia gani, timu ilifika saa ngapi kwenye mji wa mechi. Kisha, kwenye karatasi hiyohiyo, andika tarehe mishahara na posho zilipoingia kweli kwenye simu za wachezaji. Tarehe za ahadi usiziweke. Utashangaa jinsi safu hii ya mwisho inavyoeleza mambo.

Kama klabu haina kumbukumbu hizi, usimfukuze mtu wiki hii. Anza kuandika.

Dalili: tumefungwa mechi nne mfululizo

Hii ndiyo inayowaondoa makocha wengi kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo dhaifu kuliko zote. Chukua timu ya kawaida, ya katikati ya msimamo, inayopoteza mechi nne katika kila kumi. Ligi Kuu yetu ina timu 16, kila moja inacheza mechi 30. Piga hesabu ya bahati peke yake: timu hiyo ina nafasi kama moja katika tatu ya kufungwa nne mfululizo mahali fulani ndani ya msimu, bila chochote kuharibika. Na hapo sijaingiza ratiba. Ukipangiwa Yanga, Simba na Azam ndani ya wiki tatu, halafu safari ya Kanda ya Ziwa, pointi moja katika kumi na mbili haikuambii lolote juu ya mwalimu wako.

Kuna jambo jingine linalotudanganya. Kocha hufukuzwa timu ikiwa shimoni kabisa, na aliye shimoni mara nyingi njia iliyobaki ni ya kupanda. Wachumi wawili wa Uholanzi, Jan van Ours na Martin van Tuijl, walipitia misimu 14 ya ligi kuu ya kwao. Walizichukua timu zilizofukuza kocha katikati ya msimu, wakazilinganisha na timu zilizopita kwenye ukame wa aina hiyohiyo zikabaki na kocha wao. Zilizofukuza zilipata nafuu. Zilizovumilia nazo zilipata nafuu, karibu sawa.

Leicester City walimtimua Claudio Ranieri Februari 2017, miezi tisa tu baada ya kuwapa ubingwa wa England. Msaidizi wake, Craig Shakespeare, akashinda mechi tano za ligi mfululizo, na kila kijiwe kikasema, mnaona sasa? Oktoba mwaka huohuo Shakespeare naye alifungashiwa virago.

Kwa hiyo vipigo vinne mimi huvichukulia kama sababu ya kufungua daftari, basi.

Dalili: tunatawala mchezo lakini hatufungi

Hapa usiamini macho ya jukwaani, na usiamini asilimia za umiliki wa mpira. Tafuta kijana mmoja makini, asiyependa kushangilia sana, mpe daftari na kalamu, mkalishe jukwaa kuu safu za juu. Kila shuti linalopigwa ndani ya kumi na nane, yaani eneo la penalti, anaweka msalaba. Kila shuti la mbali anaweka nukta. Sisi upande wa kushoto, wapinzani upande wa kulia. Nukta zina kazi ndogo, kwa kuwa mashuti mengi ya mbali huishia kwa wauza karanga. Misalaba ndiyo timu yako.

Baada ya mechi nane au kumi hesabu. Kama misalaba yetu ni mingi kuliko yao na bado tunafungwa, mwalimu anafanya kazi yake: anawafikisha vijana mahali pa kufungia. Kinachokosekana ni mguu wa mshambuliaji, au mikono ya kipa, au bahati. Hapo swali linahamia kwa aliyesajili. Kwenye klabu zetu nyingi mshambuliaji wa kati huletwa na mfadhili, mwalimu anamwona kwa mara ya kwanza akishuka kwenye gari na begi lake. Kumfukuza kocha kwa sababu ya mguu wa mtu ambaye hakumchagua ni uonevu, na pia ni hasara, maana mguu unabaki. Subiri dirisha dogo, ule usajili wa katikati ya msimu, umpe nafasi ya kuchagua mwenyewe.

Kama misalaba ni michache, mpira tunao lakini unazunguka baina ya mabeki wa kati na kipa hadi jukwaa linapiga miayo, hilo ni la mwalimu. Muulize mpango wake wa kuuvusha mpira katikati. Mwenye mpango atakuchorea hata juu ya meza kwa vizibo vya soda. Asiye nao atakulalamikia nyasi.

Arsenal walimaliza wa nane mara mbili mfululizo na Mikel Arteta, 2020 na 2021. Waliondoa wachezaji, Mesut Özil na baadaye Pierre-Emerick Aubameyang, mwalimu wakabaki naye, na 2023 wakamaliza wa pili. Msinijibu kwa "subira huvuta heri". Zipo timu zilizosubiri hadi zikashuka daraja. Arsenal waliangalia kipi kimeharibika, wakakibadilisha hicho.

Dalili: tunafungwa dakika za mwisho

Visababishi ni vingi hapa, na vinafanana kwa nje.

Anza na benchi. Mwalimu anabadilisha wachezaji dakika ya 60, au ya 88 mambo yakishaharibika? Wanaoingia wanaongeza nini? Kama anachelewa kila mechi, na walioko benchi wana pumzi, hilo ni lake. Kama benchi lina makipa wawili na kijana wa miaka 17 kwa sababu klabu haikusajili, hilo ni letu.

Kisha pumzi. Watu wa huku tunapenda kusema wageni wanaishiwa pumzi wakipanda Arusha. Kuna ukweli kidogo, lakini mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Moshi iko chini zaidi. Huo si mwinuko wa kumwangusha mchezaji. La Paz ya Bolivia imepita mita 3,600, kule ndiko watu wanakotafuta hewa. Kinachotuumiza sisi ni safari ya kushuka. Vijana wamefanya maandalizi kwenye baridi ya Julai, pumzi wanayo, halafu Februari wanacheza Dar au Tanga saa kumi jioni, joto na unyevu vimewashika koo. Kuanzia dakika ya 70 miguu ni ya mbao. Dawa ni kuwahi siku mbili, kunywa maji, kuzungusha kikosi. Kuwahi siku mbili ni bajeti ya klabu. Kuzungusha kikosi ni kazi ya mwalimu.

Mwisho, tumbo. Nimeshuhudia kambi ambako chakula cha mchana siku ya mechi kilikuwa chai na chapati mbili, kwa sababu mhasibu alikuwa msibani Rombo na hundi haikuwa na saini. Tulifungwa goli la dakika ya 86. Kwenye kikao cha Jumapili mwenyekiti alisema mwalimu hajui kulinda ushindi.

Dalili: nyumbani moto, ugenini maji

Angalia safu ya muda wa kuwasili. Arusha hadi Dar ni zaidi ya kilomita 600. Timu iliyoondoka Ijumaa usiku, ikafika alfajiri na kucheza jioni, imecheza kwa miguu ya basi. Mwalimu mpya atapanda basi hilohilo. Kama mnasafiri mapema, mnalala vizuri na bado ugenini mnajikunja nyuma kuanzia filimbi ya kwanza, zungumza naye juu ya woga.

Dalili: tunafungwa goli la aina moja kila wiki

Dalili hii naipenda kwa sababu inapimika. Msimu mmoja, pale uwanja wa Ushirika, Moshi, tulifungwa kwa kona mara tatu ndani ya mechi nne za nyumbani. Kila mara mpira ulitua palepale, mlingoti wa karibu, na kila mara beki wetu wa kulia alikuwa amesimama anamtazama kipa.

Jumanne nilikwenda mazoezini nikakaa kwenye nyasi. Kona zilifanywa dakika kumi za mwisho, za kushambulia tu, vijana wameshachoka. Walipomaliza nikamfuata.

"Shikamoo mwalimu. Kona za kuzuia mnafanya siku gani?"

"Marahaba. Mjumbe, uwanja mmetulipia saa moja na nusu. Wale vijana wa sekondari wanaoingia baada yetu umewaona. Kipi nikiache?"

Nilinyamaza, maana risiti ya uwanja niliipitisha mimi. Tulimwongezea nusu saa, siku mbili kwa wiki, na nikamwambia wazi: baada ya mwezi tutaangalia mlingoti wa karibu. Wiki ya pili beki alishajua mahali pa kusimama. Magoli ya kona hayakuisha yote, lakini yale ya pale yaliisha.

Tumia mtindo huu popote unapoweza. Chagua kasoro moja inayoonekana, mwondolee kikwazo kilicho juu yako, mpe muda unaojulikana. Akiwa na nafasi na kasoro ikabaki vilevile, una jibu, na wewe na yeye mnalijua.

Dalili: wachezaji wamemchoka

Hapa ndipo penye uzito, na ndipo penye uongo mwingi. Maneno "amepoteza vyumba vya kubadilishia nguo" mara nyingi hutoka kwa watu wawili: nahodha aliyewekwa benchi na wakala wake. Kwa hiyo hesabu vichwa. Wanaonung'unika ni wawili wakongwe waliozoea kucheza hata wakiwa wagonjwa wa mguu, au ni kikosi kizima hadi kipa wa tatu?

Usiwaulize. Watazame timu inapofungwa goli la kwanza. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Timu ambayo bado inamsikiliza mwalimu wake hupata dakika mbili za kuchanganyikiwa, kisha mistari inarudi: winga anashuka kumsaidia beki, kiungo mkabaji anarudi kwenye nafasi yake, mtu anauwahisha mpira katikati. Timu iliyomwacha mwalimu kila mmoja anaanza mechi yake binafsi. Anapokonywa mpira, anatupa mikono hewani, anabaki hukohuko mbele. Mwalimu anapiga kelele mstarini na hakuna hata anayegeuza shingo. Ukiona hayo katika mechi tatu au nne, dhidi ya wapinzani tofauti, huku mishahara imelipwa, usidanganyane na mtu: imekwisha.

Kuna mzee mmoja, mtunza vifaa, aliyenifundisha kipimo cha pili. Tulikuwa tumekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, anafunga nyavu za mipira.

"Mjumbe, nyie mnaangalia mpira. Mimi naangalia saa wanayokuja kuchukua fulana za mazoezi. Mwanzoni mwa msimu walikuwa wananikuta bado nafungua begi. Siku hizi filimbi inalia, watano wako kwenye simu nje ya geti."

"Wote, mzee wangu?"

"Hata yule mtoto aliyepandishwa kutoka timu ya vijana. Huyo ndiye aliyenitisha."

Sasa lile neno "huku mishahara imelipwa". Timu moja ya kanda yetu, sitaitaja, ilimwondoa mwalimu kwa kosa la kugomewa. Wachezaji walikuwa wanadai miezi miwili. Wiki aliyokuja mwalimu mpya mfadhili alifurahi akalipa mwezi mmoja, wakashinda mechi mbili, magazeti yakaandika juu ya mbinu mpya. Mwezi uliofuata fedha hazikuja. Miguu ikarudi kuwa mizito na mwalimu mpya akaanza kuonekana hajui. Mgomo ulikuwa dhidi yetu sisi viongozi, yule mwalimu wa kwanza alisimama mbele yetu tu akapigwa mawe.

Ikithibitika kweli kwamba tatizo ni mwalimu na kikosi ni kizuri, kubadilisha husaidia haraka. Ivory Coast, wenyeji wa AFCON iliyochezwa mapema 2024, walifungwa 4-0 na Equatorial Guinea, wakamwondoa Jean-Louis Gasset kabla hata ya raundi ya mtoano. Msaidizi wake Emerse Faé akachukua timu, wakaitoa Senegal kwa penalti, wakaendelea hadi wakabeba kombe mbele ya Nigeria, 2-1. Mnaopenda mfano huo kumbukeni wachezaji walikuwa akina nani. Yanga nao msimu wa 2024/25 walianza na Miguel Gamondi, wakamwondoa Novemba baada ya vipigo viwili, vya Azam na Tabora United, wakaja na Sead Ramović, akaondoka Februari, Miloud Hamdi akamalizia. Makocha watatu, ubingwa mmoja. Ukiwa na kikosi cha Yanga unaweza kubahatisha. Timu ya huku inayosajili kwa mkopo haina anasa hiyo.

Dalili: mashabiki wanaimba aondoke

Novemba 2023 Simba walifungwa 5-1 na Yanga, na siku chache baadaye kocha wao Robertinho hakuwa na kazi. Kelele za kiasi kile sijui nani angezistahimili. Zetu ni ndogo, zinatoka kwa mashabiki sugu wachache langoni na kwenye magrupu ya WhatsApp. Wasikilize, wana haki, wamelipa kiingilio. Kisha rudi kwenye daftari.

Yasiyohitaji uchunguzi

Mwalimu anayewauzia wachezaji namba ya kucheza kikosini, anayepokea fedha za mechi, anayempiga kijana, anayekuja kwenye benchi amelewa. Ukiwa na ushahidi, mwondoe siku hiyohiyo hata kama mnaongoza ligi. Uvumi wa kuuza mechi sio ushahidi. Kila kipa aliyeteleza Tanzania hii ameshatuhumiwa.

Umeona ni yeye. Sasa hesabu gharama

Kwanza msimamo. Ligi Kuu timu za 15 na 16 zinashuka moja kwa moja, za 13 na 14 zinaingia mchujo. Wanaokumbuka Polisi Tanzania waliokuwa wakitumia Ushirika wanajua kushuka kunavyouma. Ilikuwa mwisho wa msimu wa 2022/23. Ukiwa wa 12 na mechi 15 mkononi, mwalimu mpya ana muda wa kufundisha kitu. Zikibaki tano, hana muda wa kufundisha, ana muda wa kuchangamsha tu, na kwa kuchangamsha msaidizi anatosha na ni nafuu, kama leseni yake inakubalika kwa kanuni za ligi. Hakikisha hilo kabla ya kumtangaza.

Pili mkataba. Soma kipengele cha kuvunja kabla ya kikao, kwa sauti, wote wasikie kiasi. Kwa kocha wa kigeni ongeza umakini: FIFA ilianzisha kanuni maalumu za ajira za makocha Januari 2021. Mishahara miwili ikilala, akaandika barua na kutoa siku 15 bila kulipwa, anaweza kuvunja mkataba yeye na bado akawadai. Deni likifika kwenye uamuzi na msilipe, klabu inaweza kufungiwa kusajili hadi madirisha matatu mfululizo. Mtakuwa mmemwondoa kocha kwa kukosa mshambuliaji, mkajifungia wenyewe mlango wa kumpata.

Tatu, mrithi. Anayesema "aondoke tu, tutapata mwingine" mwombe ataje jina, simu yake, leseni yake na mshahara anaotaka. Kama meza nzima inatazamana, ahirisheni.

Siku yenyewe

Mwambieni uso kwa uso, mwenyekiti na mtu mmoja zaidi, kabla taarifa haijaingia kwenye mitandao. Kwetu habari hutoka kikaoni kabla soda hazijaisha, kwa hiyo mpigieni aje awe jirani wakati kikao kinaendelea. Mkabidhini hesabu yake iliyoandikwa, na angalau sehemu ya fedha. Wasaidizi waambiwe usiku uleule nani anabaki.

Mazoezi ya Jumatatu yaanze saa ileile. Koni ziwe zimepangwa kabla wachezaji hawajashuka kwenye basi, na kiongozi mmoja asimame karibu na yule mzee wa fulana, aangalie saa.